Kifua cha Arcade ni Salama

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kikavu, kizito, kama panga butu likigonga gogo. Ndipo Arcade mwenyewe akajitokeza, akijifuta macho kwa kofia. Miezi mitatu sasa. Mkewe, Emelyne, alishazoea kukadiria kwa kikohozi hicho mumewe yuko shamba gani.

Siku hiyo Katumba, makazi ya zamani ya wakimbizi, ilipata heshima ya kufanyiwa utafiti. Kijana aitwaye Hezron alishuka kwenye gari jeupe na kishikwambi chenye maswali themanini na manne kuhusu mapafu ya wahamiaji. Mhamiaji mwenyewe ndiye Arcade, aliyezaliwa hatua hamsini kutoka hapo, na maishani mwake alikuwa amehama mara moja tu: kutoka kwa mama yake kwenda kwa mkewe. Hezron akaeleza kwamba atakayekutwa na dalili, kesho gari litampeleka Mpanda mjini akapigwe picha ya kifua bure.

Emelyne akashusha pumzi. Arcade akaingia ndani kuvaa koti.

Watu wa Katumba walishahojiwa sana. Miaka ile ya kuomba uraia walijifunza kwamba mwenye fomu hajibiwi ukweli, anajibiwa vizuri. Ilisemekana kuna mtu alinyimwa cheti kwa sababu ya ugonjwa. Hakuna aliyemjua, ila kila mmoja alimfahamu binamu yake.

Basi Arcade akajibu vizuri. Anakohoa? Hapana. Amepungua uzito? Ameongezeka, alisema, koti likimpwaya kama la kuazima. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba analipenda taifa, akatoa na cheti chake cha uraia. Hezron alitafuta pa kukiandika. Fomu ya wahamiaji haikuwa na nafasi ya raia. Kufikia swali la hamsini, Arcade alikuwa amekibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo imemsimama na machozi yanamtiririka. Hezron, msomi, akaandika kwamba mhojiwa ameguswa na utafiti.

"Kifua chako ni salama, mzee," alisema mwishoni. "Hongera."

"Ahsante, mheshimiwa."

Emelyne akasimama kati ya mtafiti na gari lake.

"Anakudanganya. Anakohoa tangu tuanze kuvuna. Juzi ametema damu, akaifukia kwa jembe akidhani sijamwona."

Arcade alimtazama kama mtu aliyeuzwa. Alifungua mdomo akanushe, kikatoka chote alichokibana kwa maswali themanini na manne, na hakikukoma upesi. Hezron akakifungua tena kishikwambi, safari hii bila kusoma swali lolote, akaandika jina la Arcade kwenye orodha ya kesho.

Alipopata pumzi, Arcade alimnong'oneza mkewe kwamba amewamaliza. Sasa watarudishwa kwenye nchi aliyoikimbia baba yake.

Emelyne akamfuta kidevu kwa upindo wa kitenge.

"Baba Jeannine, nakuahidi. Kesho napanda gari hilo na wewe. Wakikuuliza wewe ni raia wa wapi, nitajibu mimi. Wewe kohoa tu."