Pale Mama Aliposhika

Maelekezo ya kuunda kalamu yalikuwa kikaratasi kimoja kilichokunjwa mpaka kikachoka. Hakikuwa na neno hata moja, picha tu, na aliyezichora nadhani hajawahi kushika mbao maishani mwake. Picha ya tatu ilionyesha kibomba kirefu cha shaba kikiwa chini, upande wa ncha ya kalamu. Picha ya tano ilionyesha kirefu hicho hicho kikiwa juu, upande wa kishikizo cha mfukoni. Katikati yao palichorwa mkono wenye kidole kilichonyooshwa, sijui ulikuwa unanionya au unanisuta.

"Hiyo karatasi utaitoboa kwa macho," Baba akasema kutoka kwenye kigoda chake mlangoni mwa karakana.

Baba ndiye aliyenifundisha kukereza mbao kwa mashine. Siku hizi viungo vya vidole vyake vimevimba na hawezi tena kushika patasi, lakini mdomo wake hauna tatizo lolote.

"Kwani wewe unaielewa?"

"Mimi nimekereza miguu ya vitanda, mwanangu. Kalamu nilikuwa nanunua dukani."

Mdogo wangu alikuwa anafunga ndoa kesho yake asubuhi. Ni kitindamimba, na kwetu anaitwa Kitinda tu. Shemeji, bwana harusi mwenyewe, alikuwa ameagiza mtandaoni vyuma vya kuundia kalamu: vibomba viwili, ncha, kishikizo, skrubu na mrija wa wino. Mbao unaweka mwenyewe, na mbao yetu ilikuwa mchi wa marehemu mama. Wadudu walikuwa wameula stoo kutoka huku na huku, pakabaki kipande kizima cha katikati kisichozidi shibiri. Kitinda alitaka kutia sahihi kwa kalamu iliyotoka humo. Nilimwambia, "Hiyo kazi ndogo," maana mimi ni mtu wa kujibu haraka kisha kuhangaika baadaye.

Nilikuwa nimeshakikata vipande viwili, kirefu na kifupi, kufuata vibomba. Kile kifupi nilikuwa nimeshakiparua. Katika karakana yetu mbao chafu haiingii kazini. Mbao kuukuu ikiletwa, kwanza unaiondoa ngozi ya juu uzione nyuzi zake. Baba alinifundisha hivyo kwa makofi ya kisogoni, na mkono wangu hauulizi tena.

Kitinda akaingia, nywele zimesukwa nusu. Akaokota kipande kifupi, cheupe kabisa, akakipitisha kidole gumba.

"Dada, iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"Ile sehemu nyeusi. Pale mama aliposhika."

Miaka yote ile ya kutwanga, kiganja cha mama kilikuwa kimeushika mchi pale pale, mpaka pakawa peusi na laini. Nami nilikuwa nimepafagilia chini ya meza pamoja na maranda.

"Kuna kingine," nikasema, nikampa kile kirefu, ambacho kilikuwa bado na ngozi yake.

Akakishika kwa mikono miwili. "Basi hiki kikae chini, huku ninakoshika nikiandika. Nataka nishike alipokuwa anashika. Dada, kesho sitaki kitu kingine. Hata gauni."

"Rudi ukamalize kusukwa," nikamfokea, kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Alipotoka, nikairudia karatasi. Kama picha ya tatu ni kweli, kipande cha mama kitakaa mkononi mwa bibi harusi. Kama ya tano ni kweli, kitakaa juu, ambako hakuna kidole kinachofika. Nikikipunguza kiwe kifupi, sina tena kirefu. Na kuunganisha kwa kujaribu hakuwezekani, maana vyuma vile hukandamizwa kwa jiliwa, na vikishaingia havitoki. Nikaigeuza karatasi kichwa chini. Nikaipeleka dirishani. Jasho lilikuwa linanitiririka makwapani kama mwizi aliyesikia mlango ukifunguliwa.

"Mpigie shemeji yako," Baba akasema.

"Shemeji hajui hata msumari unaingia na upande gani!"

Baba akacheka. Mimi sikucheka.

Mwishowe nikafanya kama ninavyofanya kwa kiti kilichovunjika ambacho sikuwahi kukiona kizima. Nikavilaza vyuma vyote mezani kwa mstari, bila kuvikandamiza, na kando yake nikalaza mrija wa wino. Mkia wa mrija hujifunga kwenye skrubu inayokaa mwisho wa kibomba cha chini, kwa hilo angalau picha zote zilikubaliana. Kirefu kikiwa chini, wino ulichungulia kidogo tu nchani. Kifupi kikiwa chini, mrija ulitokeza pingili nzima ya kidole, na kalamu ya hivyo haifungiki. Nikapima tena, na tena.

"Kirefu chini," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina."

"Toboa hivyo hivyo."

Tundu hutobolewa katikati. Lakini nikitoboa katikati, nikikereza mpaka unene wa kalamu, ngozi yote itaishia sakafuni kama ya mwenzake. Kwa hiyo nikatoboa pembeni, sambamba na ule weusi, karibu nao mno. Karatasi haikuwa na picha ya jambo hilo. Natoboa kidogo, natoa, napuliza vumbi, natoboa tena. Mbao ikalia mara moja. Nikazima mashine, nikaigeuza mbao pande zote. Haikuwa imepasuka.

Nikagundisha kibomba, nikakereza mpaka patasi ilipoukaribia weusi, kisha nikamalizia kwa msasa na mkono, nikipazunguka bila kupagusa. Nikakandamiza vyuma, ikatoka kalamu yenye upande mmoja bapa, mweusi, upana wa kidole gumba. Baba akaja nyuma yangu. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Msasa wako mkali mno," akasema, akarudi kwenye kigoda.

Kesho yake mfungisha ndoa alimpa Kitinda kalamu ya ofisi. Kitinda akatikisa kichwa, akatoa yetu, akaizungusha. Ncha ikatoka. Akaandika jina lake, kidole gumba kimetulia pale peusi, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. Shemeji akatia sahihi yake. Kisha wakaitwa mashahidi, Baba na mimi.

Baba aliipokea kalamu, akawa anatafuta pa kuishika kwa vile vidole vyake. Gumba lake likateleza, likafika pale peusi, likakaa. Huyu mtu hakulia msiba mzima wa mama. Siku ya mazishi alikuwa anakagua misumari ya jeneza. Sasa alisimama mbele ya meza ile, midomo inamcheza, halafu akaandika jina lake polepole sana.

Mfungisha ndoa akanyoosha mkono ili anipitishie. "Mzee, kalamu."

"Ngoja kwanza," Baba akasema, akaikunjia kiganja.

Mimi nikatia sahihi kwa kalamu ya ofisi.