Ngoro za Ng'ambo

"Dunia nzima siku hizi iko kiganjani mwangu," alisema Erasmo, akikizungusha kiti chake kama waziri aliyeapishwa jana. "Nyumba ya kujificha nisiione bado haijaezekwa."

Waliokuwa wakisubiri kopi katika ile steshenari ndogo ya Mbinga mjini walicheka. Walishamzoea. Erasmo alikuwa na cheti cha kidato cha nne na ulimi wa chuo kikuu, na watu walivuka barabara kuja kutoa kopi kwake, ingawa mashine yake ilichora mstari mweusi katikati ya kila ukurasa.

Bibi Emerensiana peke yake hakucheka. Alikuwa ameleta orodha ya marehemu wake ipigwe chapa kwa ajili ya misa za Novemba. Dakika chache kabla ya majigambo hayo, Erasmo alikuwa ameshaandika majina manne, akafika kwenye namba tano, akakuta mstari mtupu.

"Bibi, namba tano haina mtu. Marehemu amechelewa?"

"Hapo ni pa Leopold, kaka yangu," alijibu bibi huyo, bila hasira. "Kila mwaka naandika namba, jina mkono unalikataa. Sasa Katekista Flaviani amesema nijaze au nifute. Namba haisomewi misa."

Erasmo akaondoa vidole kwenye kibodi. Ndipo bibi akasimulia. Alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, kwenye ufuko uleule wa Ziwa Nyasa unaoendelea kusini baada ya Tanzania kuishia. Vita vilipofika kijijini kwao, baba yake alimpakia yeye, binti wa miaka minane, pamoja na mama yake kwenye mtumbwi. Leopold, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, angekuja na baba kwa mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili haukuja. Kilichokuja ni habari kwamba kijiji kimechomwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwonyesha kaburi, na hakuna aliyemwonyesha mtu.

"Ningepaona tu pale nyumbani," alisema, "nikakuta pori, ningemwandika. Macho yakishaona, mkono hutii."

Hapo ndipo Erasmo alipotamba kwamba nyumba ya kujificha asiione bado haijaezekwa. Akafungua ile ramani ya mtandaoni inayoonyesha ardhi kwa picha za angani, akaapa kwamba nyumba itapatikana kabla chai ya bibi haijapoa.

Chai ilipoa. Jina la kijiji alilolijua bibi lilikuwa la jumbe wa zamani, na jumbe alikuwa amezikwa nalo; ramani haikulitambua. Alama alizozikumbuka zilikuwa kijito kinachoingia ziwani na mwamba majini uliokaa kama kiboko aliyejificha. Lo! Ufuko mzima ulikuwa vijito na viboko vya mawe, kimoja baada ya kingine, kama shanga. Erasmo alivuta picha, akaisukuma, akaikuza mpaka mapaa yakawa madoa. Saa nzima ikapita.

"Erasmo," aliita Mwalimu Cuthbert, Mhaya aliyehamishiwa Mbinga na kukutana na baridi yake kwa manung'uniko yasiyokwisha, "labda hiyo nyumba imeezekwa leo asubuhi?"

Duka zima liliangua kicheko. Mtani hujua kutania. Kutaniwa ni somo asilolisomea. Masikio ya Erasmo yalipata moto. Kidole chake kilikuwa kimeteleza juu, chini, asijue tena kiko wapi, na mbele yake palikuwa na paa la buluu kando ya kijito. Hata jina la mahali hakulitazama.

"Hii hapa, Bibi! Nyumba yenu. Wameiezeka upya tu."

Bibi Emerensiana alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Erasmo alianza kuhesabu vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Mh," alisema hatimaye. "Nyumba nzuri. Kesho nitarudi niitazame tena."

Kesho yake alirudi, na ndizi mbivu kwenye kikapu. "Nifungulie nyumbani, mjukuu wangu." Erasmo alimfungulia paa la buluu, akala ndizi moja, ikashuka kama jiwe. Keshokutwa yake alirudi na karanga za kuchemsha. Akakaa, akatazama, akasema habari moja ndogo: jinsi mama yake alivyokuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya mawe. Erasmo aliitikia kwa kichwa, huku moyoni akijiona kama mtu aliyemkopesha kipofu miwani. Alitamani bibi amshuku, amkaripie, amwite mwongo mbele ya mashine ya kopi. Bibi alimshukuru tu. Jioni hizo Erasmo alifunga duka na kurudi kuukagua ufuko wa Msumbiji peke yake, ghuba kwa ghuba, bando moja baada ya jingine, bila kumwambia mtu.

Siku ya nne, akimenya karanga, bibi alicheka peke yake.

"Watu wa kule walimcheka sana baba. Yeye Mmatengo wa huku Mbinga, alivuka na jembe lake akaoa kule. Basi kilima cha nyuma ya nyumba akakichimba chote. Wakasema, huyu anachimba makaburi ya maharage."

Erasmo aliacha kutafuna.

"Bibi. Alichimba ngoro?"

"Angechimba nini kingine? Mmatengo akiona mteremko, mikono inamwasha."

"Na wengine wa pale, hawakuchimba?"

"Nani? Wale walikuwa watu wa muhogo na samaki."

Kiti kilianguka. Erasmo alikuwa ameshasimama, ameinamia kompyuta, anapumua kama aliyepanda mlima. Siku zote alikuwa akitafuta paa, na paa huungua! Alikuwa akitafuta kibanda kwenye nchi ya vibanda, wakati mtu wake alikuwa ameandika jina kwenye mlima mzima. Ngoro alizijua tangu utotoni. Alizichukia kwa mgongo wake wote. Kila msimu mama yake alimtoa kitandani kwenda kupanga nyasi.

"Ngoro ndiyo nini?" aliuliza Mwalimu Cuthbert, aliyekuja na mitihani yake.

"Mashimo, Mwalimu! Unalaza nyasi miraba miraba, unazifukia kwa udongo unaochimba katikati, mahindi na maharage yanakaa juu ya kingo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni badala ya kubeba udongo. Ukiyaangalia toka juu, ni masega ya nyuki!"

Akaacha ufuko, akapanda miteremko. Kilima cha kwanza, miti. Cha pili, mawe. Cha tano, moto wa nyasi ulipita. Mwalimu Cuthbert aliiweka mitihani yake chini akavuta benchi. Mwenye kusubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa akasahau kwamba amezaliwa. Kwenye kilima cha kumi na moja, au cha kumi na mbili, kidole cha Erasmo kikasimama.

Mteremko mmoja tu katika ufuko ule mzima ulikuwa umetobolewa vyumba vyumba, safu juu ya safu, kama sega lililoegemezwa ukutani. Chini yake kulikuwa na kijito. Majini, mwamba.

"Kiboko wangu," alinong'ona bibi.

Safari hii hakusema nyumba ni nzuri. Vidole vyake vilipita juu ya kioo, vikagusa shimo moja, jingine, jingine.

"Picha hii ni ya lini?"

"Mwaka juzi, Bibi. Agosti."

"Kingo zake kali hivi?" Alimgeukia, na macho yake yalikuwa ya mtoto wa miaka minane. "Mjukuu wangu, wewe ni Mmatengo. Ngoro ikiachwa masika matatu, manne, inakuwaje?"

"Inajifukia."

"Na baba yangu leo angekuwa na miaka zaidi ya mia." Alisimama, kanga ikamdondoka, hakuiokota. "Sasa ni nani anayezichimba?"

Bibi Emerensiana akapiga kigelegele kimoja, akakikata katikati, kama anayeogopa kukimaliza.

Erasmo alikuwa na rafiki aliyesoma naye, Bernadi, mfanyabiashara wa Mbamba Bay ambaye boti yake ilipeleka sabuni na chumvi upande ule. Akamtumia picha ya kilima. Bernadi aliahidi kupita Ijumaa. Ijumaa, kuanzia asubuhi, duka lilijaa watu wasiokuwa na karatasi hata moja ya kutoa kopi. Saa nane mchana simu ya Erasmo ilitetemeka mezani. Ilikuwa ya video.

Picha ilikatika, ikarudi. Kwanza walimwona Bernadi, jasho tupu; kisha mteremko; kisha mzee mwembamba aliyesimama hadi magotini katika shimo la ngoro, jembe begani, nyuma yake wanawake wawili wakifukia nyasi. Mzee aliikodolea simu macho. Bibi alimwita kwa jina la utotoni, kwa Kinyasa. Jembe likaanguka.

Yaliyosemwa hapo Erasmo hakuyaelewa yote, wala hayakuwa yake. Walicheka na kulia kwa zamu, wakiingiliana kama watoto wanaogombea sahani. Kisha mzee akafuta uso, akauliza kwa Kiswahili cha zamani kilichopata kutu, ni nani aliyemwona toka mbali hivyo.

Erasmo hakungoja kutajwa. Aliingiza kichwa mbele ya simu.

"Shikamoo Babu! Ni mimi, Erasmo. Kazi ndogo tu. Siku ileile ya kwanza nilifungua ramani, nikaweka kidole, papo hapo nikasema: Bibi, nyumbani kwenu ni hapa!"

"Siku ya kwanza ulinionyesha Chiwanda," alisema Bibi Emerensiana.

Vichwa vyote dukani vikamgeukia Erasmo.

"Chiwanda, huku huku kwetu Tanzania," aliendelea, akimwambia kaka yake kwa upole. "Ndiko mimi na mama tulikoshukia. Nimekaa miaka kumi na mmoja kando ya kijito kile, nimefua nguo mpaka kucha zikaisha. Paa la buluu ni la shemeji yangu Victor."

Mwalimu Cuthbert alijifunika uso kwa mitihani ya darasa zima. Kutoka ng'ambo ya mpaka kicheko cha mzee kilikuja vipande vipande.

"Na hukumwambia?" aliuliza Leopold.

"Ningemwambia, angeomba radhi akafunga kompyuta. Nilimletea ndizi."

Erasmo alipogeuka, bibi alikuwa ameshavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza, na mkono wake ulikuwa begani mwa kijana, ukimsukuma taratibu.

"Basi, mjukuu wangu, sogea kidogo. Kichwa chako kinamziba kaka yangu."