Mkosi wa Mzee Ahti

Nyumbani kwetu, fainali ya dunia ya hoki ya barafuni ikifika, baba mkwe wangu Ahti hupelekwa sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke uani. Eti ana mkosi: akikaa mbele ya televisheni, Ufini tunafungwa. Mume wangu Jouko ndiye aliyeanzisha upuuzi huo, na mzee hajawahi kubisha. Huchukua taulo na soseji zake, akaenda zake.

Mwaka huu nilikasirika. Daktari alishasema macho ya mzee hayatafika majira ya baridi. Hii ndiyo fainali yake ya mwisho, tena na Waswidi!

"Jouko, mwache baba yako aangalie."

"Akiangalia tumekwisha. Unataka Waswidi watucheke mwaka mzima?"

Mimi ni mdadisi, sifichi. Nikajiuliza, hivi huko sauna hufanya nini muda wote huo? Mapumziko ya kwanza yalipokwisha nikaenda kuchungulia. Jiko baridi, mawe baridi, soseji mbichi. Mtu hayupo.

Nikazunguka nyumba. Loo! Mzee wa watu kajibanza kichakani, taulo kiunoni, pua kaibandika kwenye dirisha la sebule.

"Baba! Unafanya nini?"

"Shh! Usinichongee, mwanangu."

"Umeanza lini?"

"Tangu waliponifukuza. Fainali zote tulizoshinda nimezionea hapa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ndipo akanikamata mkono.

"Ila leo kile kisahani wanachokipiga sikioni. Naona weupe tu. Nani anacho?"

Kicheko kilinikauka. Nikamwingiza ndani na taulo lake, nikamketisha karibu kabisa na televisheni.

Jouko akaruka. "Mama wee, umetumaliza!"

"Nyamaza! Ushindi wako wote baba ameuona, dirishani hapo. Mkosi uko wapi?"

Akamkodolea baba yake macho.

Dakika za mwisho Waswidi wakafunga. Mbili kwa moja, basi, kombe limekwenda.

"Si nilisema?" Jouko akafoka.

Lakini mzee alikuwa anacheka. "Nimekiona kikiingia! Wametufunga vizuri, washenzi hawa."

Jouko akamtazama, hasira ikamshuka. "Haya, baba. Mwakani utakaa hapohapo. Sikufukuzi tena."

Mzee akapapasa hewani mpaka akalipata bega la mwanawe.

"Mwakani niweke popote, hata sauna. Ila wewe ukae na mimi, uniambie nani anacho."