Somo la Kola Bila Makaripio

Mama Mkasi alikuwa fundi cherehani mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa pilipili. Masomo yake ya ushonaji aliyaweka mtandaoni bure, na chini ya kila somo aliandika: chukua, badilisha, fundisha wenzako, mradi useme umelitoa wapi. Elimu, alisema, haipungui kwa kugawiwa.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyemshinda: binti yake. Mwaka jana aliharibu kola, mama akamwambia mbele ya darasa zima kwamba hata mbuzi angekata vizuri zaidi. Binti akaweka mkasi chini, hakurudi tena darasani. Mama aliumia moyoni. Nani sasa angerithi chumba chake cha ushonaji na vyerehani vyake?

Asubuhi moja shemeji yake, anayemrekodia masomo, aliingia akicheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, kuna mtu amechukua somo lako la kola."

"Si ndiyo maana lipo?"

"Amelikata. Limebaki nusu."

"Ametoa nini?"

"Matusi yako."

"Mimi situkani! Nasema ukweli."

"Basi ametoa ukweli wote."

Mama Mkasi akalitazama kwenye simu ya shemeji. Sauti ilikuwa yake, mikono yake, lakini mwanamke yule alikuwa mpole kama bibi harusi. Chini palikuwa na jina lake kama alivyotaka, na mahali aliyelikata anapofundishia: nyuma ya saluni, mtaa wa pili.

Alijifunga mtandio. "Leo atanitambua. Ama analirudisha lilivyokuwa, ama nayafuta yote."

Nyuma ya saluni aliwakuta wanawake wameinamia meza ndefu, na mbele yao, chaki mkononi, binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe uliyenikata ulimi?"

"Uliandika tubadilishe."

"Niliwaandikia watu, sikukuandikia wewe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Binti hakucheka.

"Mama, sijaona anayejua kufundisha kama wewe. Lakini nilikuwa namsikia mbuzi tu, kola siisikii. Nilipomtoa mbuzi, nikaelewa. Na hawa kila mmoja ana mbuzi wake aliyemfukuza darasani. Ukitaka kufuta, futa. Masomo ni yako."

Mama Mkasi akachukua kola iliyokuwa mezani, kazi ya binti yake. Akaigeuza nje, akaigeuza ndani, akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo likamkera zaidi.

Hapo hapo mkasi ukalia krap, na mwanamke mmoja akapiga ukelele. Alikuwa amekata kwenye mkunjo, pasipokatwa. Kola yake ikatoka vipande viwili. Chumba kizima kikamgeukia Mama Mkasi. Binti akafumba macho.

"Hata..." alianza, akameza mate kana kwamba anameza mwiba. "Hata hii inaokoleka. Lete hapa, mwanangu. Tutapitisha mshono katikati, nyuma ya shingo. Nani atakuja kukupekua huko?"

Mwanamke akasogea, wenzake wakamfuata, na punde wote wakawa upande mmoja wa meza. Binti alifumbua macho.

"Mama, hili tungelirekodi."

"Mpigie baba yako mdogo," alisema Mama Mkasi, pini zikiwa mdomoni. "Mwambie akimbie. Sijui upole huu utadumu mpaka saa ngapi."