Homa ya Kufichika

Miongoni mwa nchi ambazo ramani zote zimezisahau ilikuwapo Kufichika, nchi ya majumba ya fahari na watu wa adabu, ambayo sheria yake ya kwanza iliharimisha maradhi. Aliyeugua akapona alipewa jina jipya, akaapishwa asiutaje ugonjwa wake hadi kaburini. Aliyekufa alizikwa bila tanga, na jina lake halikutamkwa tena. Mvunja kiapo alitupwa katika jangwa la Upweke, ambako hakuna aliyerudi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini Kufichika hata kilio kilikuwa marufuku.

Humo aliishi mjane aliyeitwa Salama, ambaye zamani aliitwa Simanzi. Miaka saba nyuma homa ya moto ilimwangusha yeye na mwanawe Faraja. Kwa kuwa matabibu walifundisha kwamba maji hulisha homa, alimnyima mtoto maji kwa mkono wake mwenyewe, huku mtoto akiyaomba. Mtoto akafa. Yeye, akili zimemruka, alitambaa hadi kwenye mtungi, akanywa, akapona. Tangu hapo alijua jambo ambalo nchi nzima haikulijua, na hakuthubutu kulisema. Aliwaogopa majirani, aliogopa usingizi asije akaropoka, aliogopa hata kuchota maji mbele za watu.

Homa ikarejea. Nyuma ya ukuta, binti mdogo wa Bi Imara, jirani yake, alililia maji mchana kutwa. Salama aliziba masikio kwa shuka; sauti ikapenya, na masikioni mwake ikawa sauti ya Faraja. Mara tatu alifika mlangoni, mara tatu akarudi, na tusimcheke, maana aliyeliona jangwa hata kwa mbali hulala macho. Mara ya nne alivuka kizingiti, akamnywesha mtoto maji yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, hata homa ikashuka.

Habari zikaenea. Siku ya pili askari walimkamata, wakamsimamisha mbele ya Kadhi Taadhima, baraza likiwa limefurika.

"Nani aliyekufundisha tiba inayowapinga matabibu?" Kadhi aliuliza.

"Homa yenyewe, Mheshimiwa," alijibu. "Niliugua. Mwanangu Faraja aliniomba maji, nikamnyima, akafa. Nimenyamaza miaka saba. Leo siwezi tena."

Hukumu ilikuwa Upweke. Lakini sheria ilitaka mfungwa apelekwe na mtu asiyewahi kuugua, naye akunje mikono ya kanzu kuthibitisha, kwani homa ile huacha mikononi mabaka yasiyofutika. Askari wa kwanza aliitwa, akatazama chini. Wa pili akadai bega linamuuma. Karani, tabibu mkuu, wazee wa baraza, kila aliyetajwa alizivuta nguo zake kama anayesikia baridi. Salama alizidi kuingiwa na hofu, maana watu walioumbuka ni wepesi wa kuua.

Ndipo Kadhi aliposhuka kitini, akamsogelea.

"Binti yangu anaungua tangu alfajiri," alisema kwa sauti ya chini. "Tumemnyima maji. Nifanyeje, dada yangu?"

Salama hakuacha kuogopa. Miaka saba alikuwa akiishi kwa kuwa hakufa, basi. Sasa palikuwa na mtu anayemngoja. Aliuliza nyumba iko upande gani, na kabla Kadhi hajamaliza kumwelekeza, alikuwa amekwisha kutangulia mbio.