Mito ya Sufi ya Krismasi

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Skolastika alikuwa amekaa uani kwa Bi Mwaija, Bagamoyo, kajifunga kanga puani, anapasua maganda ya sufi. Nyuzi zilimganda kwenye kope, akapiga chafya mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, na bumu, zile hela za mkopo wa chuo, lilikuwa limechelewa kama kawaida yake. Sasa mtu huwezi kwenda kwenu sikukuu mikono mitupu, eti bumu halijatoka, nani atakuelewa? Akaamua kushona mito. Foronya zilitokana na mapazia ya zamani ya Bi Mwaija mwenye nyumba, cherehani ilikuwa ya Bi Mwaija, na maneno mengi pia yalikuwa ya Bi Mwaija.

Sufi yenyewe aliipata bure kwao, nje kidogo ya Mapinga, kwenye msufi uliosimama kichwani pa kaburi la baba yake. Alipofika alisalimia inavyopasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," baba yake aliitikia kutoka chini. "Chukua tu, mwaka huu umezaa sana."

Akajaza viroba, akamuaga, akaenda barabarani kusubiri gari.

Mito hiyo haikuwa ya kufurahisha watu tu. Siku ya Krismasi kungekuwa na kikao cha shamba. Anselmi, huyo baba yake, alilinunua enzi Mapinga ni pori na watu hawalitaki hata la bure. Hapakuandikwa kitu. Alinunua kwa maneno mbele ya mashahidi wawili, wakachinja jogoo, wakala, ikawa imekwisha. Shahidi mmoja alishakufa. Aliyebaki ni Patrisi, mdogo wake Anselmi, na Patrisi sasa alikuwa anasema shamba ni lake, kaka yake alikuwa akimlindia tu. Alishapata na mnunuzi kutoka Dar. Kwa hiyo Mama Skola alimwambia binti yake kwenye simu: mletee baba yako mdogo kitu kizuri, pengine moyo wake utalainika.

Bi Mwaija aliuchukua mto wa kwanza, akaubonyezabonyeza, akakunja uso.

"Wewe mtoto, sufi hii hukuipambua. Imejaa mbegu."

"Nimechelewa, Bi Mwaija. Nasafiri kesho."

"Ndiyo uharibu kazi? Sufi unaitia kwenye tenga, unaipekecha kwa kijiti mpaka mbegu zote zishuke chini. Tena hii ya makaburini! Ukiziacha zitasema, mtu hapati usingizi. Bibi yangu aliwahi kulalia mto wa hivyo, akasikilizishwa ugomvi wa watu asiowajua mpaka kukakucha."

"Zitasema nini?"

"Nitajuaje mimi? Marehemu ni wenu."

Skola akaendelea kushona, maana kupambua viroba vyote vile ni kazi ya wiki nzima na yeye hiyo wiki hakuwa nayo.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, walikula pilau kwenye mikeka mbele ya nyumba. Patrisi alikuja na mkewe. Mjumbe wa nyumba kumi, mzee Muhidini, alialikwa ili kikao kiwe na mtu wa nje. Skola akagawa mito, na Patrisi alifurahi kwelikweli.

"Huyu mtoto ana mikono! Ya dukani haifui dafu hapa."

Akala sahani ya pili, akajinyoosha, akaweka kichwa, akaanza kukoroma. Mto nao ukaanza kusema.

"Patrisi," ulisema, kwa sauti ya Anselmi na kikohozi chake kilekile. "Shamba nilinunua mimi. Wewe ulikuwa shahidi. Paja la jogoo ulikula wewe."

Muhidini aliacha kutafuna, kwa adabu, maana marehemu alikuwa anaongea. Mto ukaeleza mipaka, mkorosho hadi mkorosho, ukamtaja na aliyeuza. Mama Skola aliweka mkono kifuani. Alifurahi, tuseme ukweli. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu afiwe. Alidhani yamekwisha.

Patrisi akaamka, akajifuta udenda.

"Nimekusikia, kaka. Ni kweli ulinunua wewe, sibishi. Lakini wewe umeshakufa, na mimi nina watoto wanasoma."

Watu wakamgeukia mjumbe.

"Mimi nimesikia vizuri kabisa," alisema Muhidini. "Ila shahidi anasimama, anaonekana. Mto nitausimamishaje? Na mnunuzi ameshapima."

"Si amekiri mwenyewe sasa hivi, mbele yako?" Skola alisema.

"Amekiri kwa kaka yake, binti yangu. Hayo ni mambo ya kifamilia."

Mke wa Patrisi akaomba kachumbari, ikapitishwa. Skola alikwenda jikoni akalia kwa hasira, mtu mzima, kainamia masufuria. Aliporudi walikuwa wanakunywa soda.

Greda lilikuja baada ya mwaka mpya, likang'oa msufi na mikorosho. Msalaba wa mbao Patrisi alishauondoa mapema, mnunuzi asije akaingiwa na wasiwasi. Mto wake aliondoka nao na mpaka leo anaulalia. Unamsema kila mchana, mkewe anaongeza sauti ya redio, na Patrisi hachoki kumwambia kila mgeni kwamba hajapata kuona mto laini kama ule. Nyumba ya mnunuzi ilipanda haraka, nyumba nzuri, ya vioo. Palipokuwa na kaburi wakachimba shimo la choo.

Mama Skola alipanga chumba kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwezi wa nane Skola alikwenda kumwona, akamkuta amejilaza mchana, mto wake kichwani. Jua lilikuwa linachoma mabati. Tangu mwezi wa tano halikuwa limeanguka hata tone.

"Mama Skola," mto uliita. "Mbona huku chini kumelowa? Na harufu gani hii?"

Mama alimtazama binti yake, akaweka kidole mdomoni.

"Mvua hiyo, baba Skola. Masika ya mwaka huu yamezidi."

"Shamba je?"

"Lipo."

"Mahindi?"

"Yamestawi. Hatujui tutayaweka wapi. Lala."

Baba akakohoa, akanyamaza. Mama Skola akaugeuza mto upande uliokuwa mkavu, akalala.