Kipimo cha Mikono ya Fundi Saa

Karakana ya pinde ilikuwa ya dada wawili walioachiwa na baba yao. Mdogo, ambaye kila mtu alimwita Mchongaji, alichonga pinde. Mkubwa alishona mikoba ya mishale, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko sindano yake. Mteja akiingia, Mchongaji alimuuliza kwanza upinde ni wa kazi gani, ndipo akamwambia atandaze mikono apimwe. Wa kuwinda vichakani alipewa mfupi usionasa matawini. Wa kulenga shabaha alipewa mrefu, unaotulia mkononi na usiobana vidole. Na mwenye mikono mirefu aliongezewa urefu kidogo, kwa sababu upinde mfupi ukivutwa kupita kiasi chake huvunjika. Mchongaji alikuwa hajawahi kukosea kipimo.

Ndiyo maana aliduwaa Fundi Saa aliporudi na upinde wake kwapani.

Huyu alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kibanda cha kutengeneza saa. Macho yake yalikuwa yamechoshwa na vidude vidogo, daktari akamshauri atafute mchezo wa kumfanya atazame mbali. Akachagua kulenga shabaha. Mchongaji alimpima na kumpa upinde uliomkaa kama alizaliwa nao.

"Dada, upinde umekuwa mfupi," alisema sasa.

"Kaka, huo ni mti, si fulana ya pamba iliyofuliwa ikarudi."

"Basi tazama vidole."

Mchongaji akatazama. Ngozi ilikuwa imechubuka pale uzi unapobana mtu anapovuta kupita urefu wa upinde. Akatoa futikamba, akampima upya toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Mikono ilikuwa imeongezeka.

"Siku ile ulipima ukiwa na njaa," dada yake akacheka. "Njaa inapunguza kila kitu."

Mchongaji naye akacheka, akaomba radhi, akampa upinde mrefu zaidi. Lakini moyoni hakucheka. Alijua alivyopima.

Haukupita muda, Fundi Saa akarudi tena. Safari hii alisimama mlangoni, mikono kaificha nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe. Alipoitandaza, futikamba haikutosha. Dada mkubwa hakutania. Aliinama, akaendelea kushona kwa sindano isiyokuwa na uzi.

"Kaka," Mchongaji akasema taratibu, "wewe unalenga nini huko kwako?"

"Shabaha yangu. Nimeitundika kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Ila kila asubuhi naikuta imesogea nyuma."

"Isogee nyuma wapi, na nyuma yake ni ukuta?"

"Ndivyo ninavyojiuliza na mimi." Akatabasamu, tabasamu la mtu anayeona haya. "Mwanzoni nilidhani ni macho. Halafu nikagundua kwamba nikivuta, upande wa pili kuna mtu naye anavuta. Ananizidi kidogo tu, dada. Kidogo tu. Nitengenezee mrefu zaidi, nitamfikia."

Mchongaji alijikaza, akasema atafikiria. Fundi Saa alipoondoka, dada wawili hao hawakuangaliana usoni mpaka chai ikapoa.

Kesho yake akaja mke wa Fundi Saa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka. Aliketi kabla ya kukaribishwa.

"Nasikia amekuagiza upinde mwingine. Nakuomba, mwenzangu, usimpe."

"Kwani kumezidi nini?"

"Nimeshusha mikono ya mashati yake yote, kitambaa kimekwisha. Hilo nililivumilia. Lakini jana tumeketi sebuleni, mvua ikaanza kuingia. Nikamwambia baba watoto, funga dirisha. Akalifunga. Hakuinuka kitini. Na dirisha liko kule ng'ambo ya chumba."

Dada mkubwa akaweka sindano chini.

Mchongaji akavua aproni. "Twende nikaone hiyo shabaha."

Fundi Saa alikuwa kibandani kwake, na ua wa nyuma ulikuwa mtupu: ndoo mbili, kamba ya nguo, ukuta wa matofali ulioshika ukungu. Jua lilikuwa kali. Shabaha, duara la nyasi zilizosokotwa, ilining'inia ukutani, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuipiga kwa kandambili. Mchongaji akaikagua. Haikuwa na tundu hata moja. Ukuta nao haukuwa na mkwaruzo.

"Mishale yake inakwenda wapi?"

"Nikuulize wewe," mwanamke akajibu kutoka jikoni. Hakutaka kukanyaga ua ule.

Mchongaji akachukua ule upinde wa pili aliomtengenezea Fundi Saa, uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akasimama pale nyasi zilipolala kwa kukanyagwa, akauvuta bila mshale. Uzi ulipogusa kidevu chake, ukuta ukaondoka.

Uliondoka kimyakimya, kama mtu anayetoka chumbani asiamshe wengine. Kamba ya nguo ikanyooka kuufuata, ikawa ndefu isiyo na mwisho. Shabaha ikawa ndogo kama kifungo cha shati. Pembeni yake kulisimama mtu, naye ameinua upinde kumwelekea. Uso haukuonekana. Mikono ilionekana. Na upinde wake ulikuwa mrefu kuliko mti wowote Mchongaji aliowahi kuupiga randa.

Alitaka kuachia uzi akimbie, lakini mkono wake ulikuwa umelelewa kazini: uzi mtupu hauachiwi, unaua upinde. Basi akaanza kuurudisha polepole, jasho likimchuruzika, na hapo ndipo akausikia upinde wa yule mwenzake. Ulikuwa unalia. Mlio mwembamba, mkavu, ambao kila mchongaji anaujua: mlio wa mti uliofika mwisho wa subira yake.

Uzi ulipotulia, ukuta ulikuwa mahali pake, na kamba ya nguo inapepea.

Akarudi karakanani, akachagua mti mzuri, akaanza kuchonga upinde wa mwindaji, mfupi kabisa. Roho ilimuuma. Alikuwa hajawahi kuchonga kitu ili kivunjike. Dada yake alipoelewa, aliacha kazi zake zote, akaufunika upinde kwa ngozi laini aliyoishona kwa mkono, vipande visije vikamrukia mtu machoni.

Walimpelekea Fundi Saa wao wenyewe, asubuhi, mkewe akiwapo. Aliutazama upinde, na uso ukasawijika.

"Dada, huu ni wa vichakani. Nikiuvuta kwa mikono hii utavunjika."

"Utavunjika, ndiyo."

"Sasa?"

"Nimekwenda kumwona yule mtu wako." Fundi Saa akashtuka, inaelekea hakutegemea kuaminiwa. "Wewe ukiongeza, naye anaongeza. Nikikupa mrefu mtavutana mpaka mikono yako itoke nje ya mji huu. Lakini mti wake umefika mwisho, nimeusikia kwa masikio yangu. Vuta huu mpaka uvunjike, naye atavuta akuzidi kidogo. Hicho kidogo ndicho hana."

Fundi Saa akamtazama mkewe. Mwanamke akamshika kiwiko, akakiachia.

Akasimama mahali pake, akavuta. Wale wengine waliona ua tu, na ndoo, na ukuta. Ila walimwona yeye: mkono wa kuvuta ukirudi nyuma, ukapita sikio, ukapita bega, ukazidi kwenda, na machozi yakimtiririka. Upinde ukakatika mikononi mwake kwa kishindo, ngozi ikavishika vipande.

Kisha kikasikika kishindo kingine. Kilitoka mbali sana, mbali kuliko mwisho wa mtaa, kikubwa kama mti mzima unaoanguka. Kuku wa jirani wakanyamaza. Walipogeuka, mishale yote ya Fundi Saa ilikuwa imelala chini ya shabaha, imelowa umande, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Mwezi ule ule Fundi Saa na mkewe wakahama nyumba. Mikono haikurudi ilivyokuwa, lakini haikuongezeka tena. Mkewe akanunua kitambaa, akamshonea mashati mapya, na yeyote aliyethubutu kutania alijibiwa ipasavyo.

Siku moja Fundi Saa alipita karakanani, hakutaka kununua kitu. Alikunywa chai na dada wale wawili, akawatengenezea saa yao ya ukutani bila kuiteremsha wala kuinuka kitini. Mchongaji akangoja dada yake aende dukani, ndipo akamuuliza kama bado anamwona yule mtu.

"Nikitazama mbali, yupo," alisema. "Amekaa chini."

"Anafanya nini?"

Fundi Saa akazungusha kikombe kiganjani, akafikiri.

"Anachonga," akasema.

Mchongaji akainuka, akaenda kuufunga mlango wa karakana, ingawa kulikuwa bado mchana.